Tulivyomwamba Sisera kama Ngozi ya Ng'ombe

Nimekuwa Yaeli mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza nilikuwa na meno yote, nikachorwa ukutani karibu na Butiama. Mara ya pili meno yamebaki machache, nayo yamekaa mbali mbali kama watu waliogombana, nikaingizwa kwenye simu. Nimesimama mbele za watu na nyundo juu ya kichwa cha jemadari mara mbili, na polisi hawajawahi kuniuliza kitu.

Asiyemjua Yaeli nimweleze upesi. Ni mwanamke wa kwenye Maandiko, mke wa watu wa mahema, wafugaji kama sisi. Jemadari wa maadui, Sisera, ameshindwa vita, anakimbia kwa miguu, anafika kwa huyu mama akiwa hoi. Anaomba maji. Yaeli anampa maziwa, anamfunika vizuri, mwanaume analala fofofo. Hapo mama anachukua nyundo na kigingi cha hema, anampigilia kichwani mpaka kigingi kinaingia ardhini. Vita imeisha. Waliokuwa wanatafutana na mikuki huko porini wakaja kukuta kazi imeshafanywa na mtu aliyekuwa nyumbani anaangalia maziwa yake.

Nilipochorwa ukutani nilikuwa mke mpya, na mtoto mmoja mgongoni. Kwenye ukumbi wa akina mama wa kanisa letu alikuja mchoraji, mtu wa mbali, mwembamba, shati lina rangi nyingi kuliko kuta alizochora. Alikuwa ameombwa ajaze ukuta mzima wanawake wa Maandiko. Alimchora wa kisimani, akamchora wa kuokota masuke, wote kwa kuwatazama akina mama wa jumuiya. Alipofika kwa Yaeli akakwama. Kila mama aliyempa nyundo aliishika kama mwiko wa ugali.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ya katekista nawamba ngozi. Baba yangu alizaa mabinti watupu, kwa hiyo kazi ya kuwamba nilifundishwa mimi tangu nina miaka ya kuchunga ndama. Ngozi mbichi unailaza chini, manyoya yakitazama ardhi, halafu unaivuta na kuipigilia vigingi kuzunguka pembeni ili ikauke imenyooka. Mchoraji akapita kwenda chooni, akaniona, akasahau choo.

"Mama, usiache," akasema.

"Niache kwa nini? Wewe ndiyo utaimalizia?"

Siku tatu alinisimamisha na nyundo juu. Pua alinichorea nzuri kuliko ile niliyopewa na Mungu, hilo sikulalamika. Ila kigingi alikichora kimesimama wima kama mshumaa. Nikamwambia kigingi kinalazwa kidogo, kichwa chake kiangalie nje, la sivyo ngozi ikijivuta kinang'oka. Akaniambia hiyo ni sanaa. Nikamwambia sanaa yake itang'olewa na mbuzi wa kwanza.

Jumapili watu wakaingia ukumbini, wakatazama ukuta, wakanitazama mimi. Kuanzia hapo nyumba yangu ilikosa wageni wa kiume. Marafiki wa mume wangu walikuwaga wanakuja kunywa maziwa jioni na kusifia ng'ombe. Sasa nikileta kibuyu wanatazamana. Mmoja alinirudishia kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema, "Shemeji, kiu ninayo. Lakini nina watoto pia." Mume wangu mwenyewe, Mungu amlaze pema, asubuhi moja niliamka nikamkuta amelala na sufuria kichwani, kaifunga na kamba ya ndama chini ya kidevu. Nilicheka mpaka mtoto akaamka analia. Akafumbua jicho moja akaniambia, "Cheka tu. Tahadhari siyo uoga."

Tulicheka mwaka mzima. Lakini ndani ya kile kicheko kulikuwa na kitu kinanichoma kama mwiba wa mgunga, kidogo lakini hakitoki. Kwetu mtu akishakunywa maziwa nyumbani mwako hagusiki. Hata kama jana alikuibia ng'ombe, utamsubiri atoke, avuke mto, ndiyo mtafutane. Mama mkwe wangu aliulizwa na wazee wenzake kama mkamwana wake alikubali kwa hiari kuchorwa anafanya mambo yale baada ya kumimina maziwa. Alinitetea, akasema ni rangi tu. Mimi nikawa namwuliza Yaeli kimoyomoyo kila nikiingia ukumbini: dada, mtu aliomba maji, ungempa maji. Maziwa ulitoa ya nini?

Ukuta ule baadaye ulipakwa chokaa, nikasahau.

Sasa twende kwa mjukuu. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni alikua, akawa mwalimu, yuko Bunda mpaka leo, mtu wa ratiba, kengele imemwingia kwenye damu. Akazaa binti. Binti huyu mimi namwita mke mwenzangu kama ilivyo kawaida yetu, na yeye ananijibu hivyo hivyo bila aibu. Alisomea kompyuta, akarudi, akapanga chumba Kamunyonge pale Musoma na rafiki yake mmoja, binti wa wavuvi, mchangamfu kama samaki furu kwenye ndoo. Mjukuu wangu anachora. Rafiki yake anaandika yale maneno ya ndani yanayofanya mchoro utembee. Wanatengeneza gemu, yaani michezo ya kwenye simu.

Baba yake alipojua alinipigia simu huku Mugeta.

"Mama, mwambie mjukuu wako aache kucheza."

"Mjukuu wangu? Juzi alipofaulu alikuwa binti yako."

"Mama."

"Nakusikia."

Alikuwa amekwenda kwa mkubwa wa kiwanda cha kuchambua pamba, amemwombea binti nafasi ya ukarani, amekubaliwa. Kuna meza, kuna kiti, kuna geti lenye mlinzi. Binti alikataa. Wakavutana mpaka wakafikia makubaliano, na makubaliano yenyewe ndiyo haya: kulikuwa na wageni wanakuja Musoma kutazama gemu za vijana, na wale watakaowapenda watawapa chumba, mashine na walimu kwa mwaka mzima. Onyesho ni Jumamosi, wiki chache mbele. Mjukuu wangu akichaguliwa, baba yake atanyamaza. Asipochaguliwa, Jumatatu asubuhi yuko getini Bunda, na maneno ya kuchora yamekwisha, hayatasemwa tena kwenye nyumba ile.

"Na wewe umekubali?" nikamwuliza mke mwenzangu alipokuja Mugeta kunisalimia.

"Nimekubali, bibi. Ningefanyaje?"

"Gemu yako inahusu nini?"

"Yaeli."

Nilikuwa nimeshika ungo, nikauweka chini.

Hakujua habari za ukuta. Nilipomwambia akaanza kunipiga mapajani kwa furaha kama mtu anayefukuza nzi. Akafungua kompyuta yake akanionyesha Yaeli wote wa dunia. Kumbe huyu mama amechorwa na watu mpaka wamechoka. Wazungu wa zamani wamemchora amevaa hariri, mweupe kama unga wa muhogo, ziwa moja liko nje, nyundo kaishika karibu na kichwa chake kama ya fundi saa.

"Huyu angejipiga kidole," nikasema.

Akanionyesha mwingine.

"Huyu hajawahi kukamua. Tazama vidole."

Mwingine.

"Huyu ana njaa. Apewe yeye hayo maziwa."

Halafu akaja kwenye gemu za watu wengine. Humo Yaeli ana upanga. Anaruka. Amevaa chuma kifuani, chini hajavaa cha maana, nywele zinapepea na upepo wenyewe haupo. Nikauliza kigingi kiko wapi. Hakuna. Nyundo? Hakuna. Maziwa je? Bibi, hakuna maziwa. Basi hapo wamebaki na nini? Wamechukua jina la mtu wakaliweka juu ya mwanasarakasi.

"Wa kwangu ana nyundo na kigingi na maziwa," mjukuu akasema, "lakini ana shida."

Akanipa nicheze. Yaeli wake alikuwa mzuri, mweusi, kavaa kanga, hilo nilimpa alama. Unabonyeza, anatoa maziwa. Unabonyeza, Sisera analala. Unabonyeza, nyundo inashuka. Imeisha. Nikamwuliza sasa nifanye nini. Akasema ndiyo hiyo shida, bibi. Watu wanacheza mara moja wanarudisha simu. Na mkono wa Yaeli wakati wa kupiga ulikuwa mlegevu, kama anafukuza kuku. Alitaka nimwonyeshe mkono wenyewe. Zilibaki wiki mbili.

Basi akarudi Mugeta na rafiki yake na simu tatu. Moja wakaifunga kwenye nguzo ya zizi, moja kwenye mpera, moja kwenye ndoo juu ya stuli. Mimi wakanibandika plasta nyeupe kwenye viwiko, magoti, mabega na vifundo vya mikono, kwamba kompyuta ndiyo itaniona vizuri. Jirani akapita, akaniona, akarudi kwake mbio. Baada ya muda akaleta uji. "Pole, mama. Ni pikipiki au ng'ombe?" Nikamwambia ni Maandiko. Akatikisa kichwa, akakaa kutazama, akanywa uji mwenyewe.

Kichwa cha Sisera kilikuwa boga. Wakalilaza kwenye mkeka, wakaweka mto chini yake na magunia mawili mahali pa kiwiliwili, nikalifunika blanketi langu.

"Bibi, unamimina maziwa, unamfunika, unachukua nyundo na kigingi, unapiga mara moja tu kwa nguvu zako zote. Halafu unasimama. Usiongeze kitu."

"Nimesikia. Mimi siyo kiziwi."

Nikamimina maziwa. Maziwa ya kweli, mgando wa jana, nikamwekea boga mbele. Nikalifunika mpaka shingoni. Nikapiga goti, nikainua nyundo, nikatazama lile boga. Na mkono ukagoma. Sisemi uongo, niliona kabisa kwamba limeshakunywa. Mkono ukateleza pembeni wenyewe, nikapigilia kigingi kwenye ukingo wa blanketi, karibu na sikio la boga.

Sasa hapo ndipo mazoea yalinichukua. Ukishapiga kigingi cha kwanza cha ngozi huwezi kusimama, mwili unadai cha pili. Na cha pili hakiwi karibu na cha kwanza. Ukianza shingoni, unakwenda mkiani. Ukitoka mkiani, unapiga bega la kushoto, unavuka kwenda paja la kulia. Ukizunguka kwa mstari kama mtu anayeshona pindo, ngozi inavutwa upande mmoja, inajikunja, unaharibu. Kwa hiyo nikavuka, nikavuta blanketi, nikapiga. Nikavuka, nikavuta, nikapiga. Kila kigingi nakilaza nje. Nilikuwa nimemsahau Yaeli, nimewasahau watoto, nadhani hata niliimba. Nilipokuja kuzinduka Sisera alikuwa amewambwa mkekani, amekaza kama ngozi ya ngoma, kichwa cha boga tu ndicho kiko nje.

Jirani akaweka kikombe cha uji chini. "Hapo hatoki," akasema.

"Bibi, umefanya nini?" mjukuu akaniuliza.

"Nimemwamba."

"Nilisema kichwani. Mara moja."

"Kichwani kwa nani? Mtu amekunywa maziwa yangu."

Nikadhani atacheka. Hakucheka. Mwanga ulikuwa umeshageuka, simu zimeisha chaji, na kesho yake rafiki yake alikuwa na kazi Musoma. Akaning'oa plasta moja moja, polepole, kama mtu anayekunja mizigo. Akasema haina neno. Ukimwona mtoto wa nyumba yangu anasema haina neno, ujue lipo. Waliondoka, nikabaki na blanketi lenye matundu kama kichungi, na moyo wangu mzito. Nilikuwa nimempeleka mtoto getini Bunda kwa nyundo yangu mwenyewe.

Siku ya pili yake simu ikalia. Nikapokea, nasikia watu wanakufa kwa kicheko. Nikasema haloo, haloo, hakuna anayejibu, ni kuhema tu. Mwishoni mjukuu akapata pumzi.

"Mke mwenzangu," akasema, "umetuokoa."

Kumbe yule binti wa wavuvi aliichukua picha yangu vilevile akaiingiza ndani, apate tu kuona mkono unavyokwenda. Yaeli wa kwenye kompyuta akampa Sisera maziwa, akamfunika, akapiga kigingi pembeni, akavuka mbio na magoti yangu haya haya mabovu, akapiga kingine. Na wao wawili badala ya kuizima wakajikuta wamesogea karibu wanasema bado pale, bado pale, vuta. Hapo wakaona gemu iko wapi. Mchezaji ndiye atakayechagua kigingi kiende wapi. Akiweka vizuri, akivuka sawasawa, blanketi linakaza na Sisera anaendelea kukoroma. Akizunguka kwa mstari, blanketi linavutwa, miguu ya jemadari inatokea nje, anasikia baridi, anaamka, anakaa kitako na kudai maziwa mengine. Kigingi kikisimama wima kinang'oka. Na ukimaliza Sisera mmoja anakuja mwingine mrefu zaidi, halafu mmoja anayegeukageuka usingizini, halafu mmoja mwenye mbwa.

Wakanipa nijaribu kabla ya watu. Nilijaribu kweli kweli. Niliunguza ugali mara mbili. Nilikwenda mazoezi ya kwaya, nikashindwa kuimba maana kiongozi wa kwaya alikuwa ameninyang'anya simu, anamwamba Sisera wa mbwa. Mama mmoja wa sauti ya pili, mkimya tangu namjua, alimaliza akina Sisera wote tisa akakunja mikono akasema, "Wanaume wepesi hawa." Basi tukajua iko tayari. Ila sisi hatukuwa wageni wa Jumamosi.

Onyesho lilifanywa kwenye ukumbi mmoja Kitaji, palepale Musoma. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Mwanangu alikuja kutoka Bunda amechomekea shati, akasalimia kila mtu, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Na kweli alikuja kuchukua. Mabegi ya binti yake alikuwa ameshaagiza yafungwe.

Vikundi vilikuwa vingi. Kulikuwa na gemu ya magari, ya mpira, ya kuvua sangara. Wageni walikuwa watatu, kaka wawili na dada mmoja, wanapita meza kwa meza wanauliza kwa upole na kuandika bila kuonyesha meno. Walipofika kwetu, kaka mmoja mwenye ndevu akasikiliza maelezo yote, akatazama Yaeli anavyopiga, akasema, "Lakini kwenye Maandiko alimuua. Nyinyi mmembadilisha."

Mjukuu wangu akanigeukia mimi. Nikasimama.

"Mwanangu, shikamoo yangu uliipokea?"

Akashtuka. "Mimi ndiye nikusalimie, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe umeoa?"

"Bado, mama."

"Ndiyo maana. Kwenye Maandiko alimpa maziwa?"

"Alimpa."

"Alimfunika?"

"Alimfunika."

"Wachoraji wote waliomchora, na hao wenye mapanga, nani aliyekuonyesha maziwa na blanketi? Wote wamekimbilia nyundo. Sisi tumekaa palepale pa blanketi, maana ndipo kazi ilipo. Kumpiga mtu aliyelala hata mtoto anaweza. Kumwamba bila kumwamsha, jaribu. Yaliyofuata yako kwenye Maandiko, hatujayafuta, mtu akimaliza gemu aende akasome."

Dada wa wageni akavuta stuli, akasema, "Lete nijaribu." Sisera wa kwanza aliamka mara mbili akidai maziwa. Mara ya tatu akamweza, akavuka kwa wa pili bila kuomba ruhusa. Yule wa ndevu akawa anamwelekeza begani, "Siyo hapo, siyo hapo, vuka." Vijana wa gemu ya magari wakaacha meza yao. Mwisho kulikuwa na mstari mpaka mlangoni, na mbele ya mlango mwanangu amekaa, watu wanamwomba asogeze miguu.

Mchana wakasimama mbele wakataja vikundi walivyovichagua. Walitaja viwili vya kwanza, nikashika mkono wa mke mwenzangu nikausikia baridi kama samaki. Cha tatu na cha mwisho kilikuwa chao. Sijui nilifanya nini. Wanasema nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaingia. Wanasema nilimbeba binti wa wavuvi, lakini yule ni mnene, mimi sikubali.

Mwanangu hakupiga makofi wala hakununa. Alikuja mezani na mikono nyuma kama anakagua madaftari.

"Wageni nao wanaweza kukosea," akasema. "Nionyesheni walichokiona."

Akakaa. Mtu mzima, mwalimu, mwana wa wafugaji, lakini tangu darasa la tano alikuwa bweni, hajawahi kuwamba hata ngozi ya sungura. Akaanza shingoni, akaweka cha pili palepale kando, na cha tatu kando yake, safi kabisa, kama mistari ya daftari. Miguu ya Sisera ikatokea. Sisera akakaa kitako.

"Imeharibika hii," mwanangu akasema.

"Haijaharibika, baba. Anasikia baridi."

Akarudia. Akarudia tena. Jasho likamtoka puani. Akageuza shingo akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari. Nilijua nikimwambia mimi, itakuwa mambo ya mama na mwanawe, nayo hayatabadilisha kitu. Akakaa hivyo kidogo, watu wamemzunguka, Sisera anadai maziwa. Kisha akasema polepole, bila kumtazama binti yake, "Mwanangu, naanzia wapi?"

Yule mtoto akachuchumaa kando ya kiti cha baba yake. Hakucheka, alimheshimu. Akamwambia, shingoni, ndiyo, halafu acha pembeni, nenda mkiani. Hapo. Kilaze. Sasa vuka, baba. Na yeye akawa anasema hewala, hewala, kama mwanafunzi. Sisera akakoroma mpaka mwisho. Mwanangu akaachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu Bunda, akasema, "Mwingine."

Alipomaliza wanne akasimama, akanyoosha shati, akatoka nje na simu. Tukamfuata kwa ndani mpaka dirishani, mimi na mke mwenzangu na binti wa wavuvi, tukainama chini ya kizingiti kama kuku watatu. Alikuwa anampigia mkubwa wa kiwanda cha pamba.

Basi tukasikia. Shikamoo mzee. Habari za nyumbani. Mama hajambo? Na wale wadogo? Mvua huko mmepata? Huku mawingu tu. Pamba ya mwaka huu mnaionaje? Eeh. Eeh. Na yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea? Rafiki wa mjukuu akaanza kutetemeka kwa kicheko, nikambana kwapani. Poleni sana. Na mguu wa shemeji? Nikafikiri huyu mtu atasalimia mpaka muda wa maongezi uishe, Jumatatu ifike, mtoto apelekwe getini kwa sababu ya salamu.

Kisha akakohoa.

"Ehee, sasa mzee, kuhusu yule binti yangu. Nakushukuru sana, tena sana. Ila Jumatatu hatafika. Amepata kazi."

Akanyamaza anasikiliza. Tuliona mkono wake unakwenda shingoni, unajikuna.

"Ni kazi ya mikono," akasema. "Ndiyo. Kama ya bibi yake. Hapana mzee, siyo kilimo. Ni, ni ya kuwafunika watu blanketi."

Mke mwenzangu akakaa chini kabisa, na gauni lake jipya, kwenye vumbi la ukumbi. Mimi nilitaka kumwinua, nikaishia kukaa naye, na yule wa tatu akatuangukia juu. Mwanangu akachungulia dirishani na simu sikioni, akatukuta tumelundikana kama viazi, akatunyooshea kidole tunyamaze, na huku anasema kwa sauti ya mwalimu, "Hapana mzee, siyo hospitali pia."

Jioni alirudi Bunda peke yake.